Alichosikia Tirion

Katika mji wa Cwmhelyg, kusini mwa Wales, ukimwona mwanamke amekaa kitini na mgongo umemnyooka kama mshale, watu watakuambia, "Huyo kapita mikononi mwa Anti Menna." Na wengi walikuwa wamepita. Menna Pugh alifundisha dansi katika ukumbi wa juu wa kituo cha sanaa kwa miaka thelathini na miwili: Jumamosi asubuhi watoto, Jumatano jioni wasichana wakubwa, na Jumanne mchana wazee wanaocheza wakiwa wamekaa vitini. Jengo lilikuwa la wachimba makaa. Siku hizi chini kulikuwa na wafinyanzi na kwaya, na juu kulikuwa na Menna, kioo kirefu, piano iliyopoteza rangi, na sakafu ya mbao aliyoipenda kuliko samani zake za nyumbani.

Darasa lake lilianza bila mtu kulipanga. Mwaka wa mgomo mkubwa wa wachimba makaa, wanaume walipokaa nyumbani mwaka mzima, akina mama walikuwa wakipika chakula cha mtaa wote katika jiko la ukumbi huo. Watoto walizurura kati ya masufuria mpaka mmoja akaungua mkono. Menna, binti wa miaka ishirini na sita aliyekuwa akimenya viazi pembeni, alijifuta mikono kwenye aproni akawapandisha wote juu.

"Haya, vueni viatu! Nani ataweza kusimama kwa mguu mmoja mpaka supu iive?"

Mgomo ulishindwa, mgodi ukafungwa, jiko likazimwa. Watoto wakaendelea kuja.

Kitu ambacho Menna hakuwasimulia watoto ni kwamba yeye mwenyewe aliwahi kwenda kusomea dansi Cardiff, katika shule kubwa, babaye akijinyima ili aende. Alikuwa na miaka kumi na saba. Siku moja mwalimu wao, mwanamke mwenye kifimbo chembamba, alimgusa nyonga mbele ya darasa, akasema, "Na hizi nazo zimekuja bila kualikwa." Darasa likaangua kicheko. Menna pia alicheka. Kufikia Pasaka alikuwa amerudi nyumbani, ameandikwa kazi katika kiwanda cha soksi, na kwa miaka miwili alikula chakula chake akiwa amesimama, harakaharaka, kama mtu anayeiba. Alipoanza kufundisha alijiapia kwamba hakuna mtoto atakayesikia neno la namna ile kutoka kinywani mwake. Kiapo hicho hakuwa na haja ya kukikumbuka kila siku. Alikuwa na hakika nacho kama alivyokuwa na hakika na jina lake.

Ndiyo maana, Rhonwen alipokuja Jumamosi moja ya mwezi wa Juni na kusimama mlangoni huku watoto wakitoka, Menna hakuwa na wasiwasi wowote. Rhonwen alikuwa msusi wa mjini, na utotoni alikuwa mmoja wa wasichana wake. Binti yake, Tirion, mwenye miaka kumi na moja, alikuwa hajaonekana darasani kwa wiki tatu.

"Anti Menna, nina neno na wewe."

"Ingia, mwanangu. Tirion yu hali gani? Nilisikia ana homa."

"Hana homa. Hali chakula." Rhonwen alibaki palepale mlangoni, mkoba ameubana kifuani. "Nilimwona anapungua nikadhani anarefuka. Juzi kaanguka shuleni wakati wa kuimba. Nikaanza kupekua chumba chake. Mikate ninayomfungia ya shule nimeikuta ndani ya buti zake za mvua, ya wiki nzima, imeota ukungu."

"Mungu wangu."

"Nimembembeleza siku nne ndipo akasema. Anasema ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Mlipokuwa mkipanga ule mchezo wa mlima, watoto wakipandana, mwezi wa Machi. Anasema ulimwambia akae chini abebe wenzake, maana akipanda juu atamvunja Seren mgongo. Mbele ya wote. Na wote wakacheka."

Menna alihisi damu ikimpanda usoni. Hasira ndiyo iliyotangulia, na kwa muda mrefu baadaye hilo ndilo lililomwuma zaidi, kwamba hasira ilitangulia huruma.

"Rhonwen. Mimi ndiye niliyekulea humu ndani. Miaka minane. Umewahi kunisikia nikimwambia mtoto neno kama hilo?"

Rhonwen aliinamisha macho, kisha akayainua.

"Mimi sikuwa mnene, Anti Menna."

"Sijasema! Naapa. Mtoto kasikia vibaya, au wenzake ndio waliosema akachanganya. Mimi siwezi kusema hivyo. Kati ya watu wote hapa Cwmhelyg, mimi ndiye wa mwisho kusema hivyo."

Aliposema hayo alikuwa akiamini kila neno. Alikuwa amekwisha kuzunguka kichwani mwake akitafuta, akakuta pametulia, safi, hakuna kitu.

Rhonwen alipeleka malalamiko. Mratibu wa kituo, Aled, mwanamume mpole aliyekuwa akitembea na karatasi kwapani hata akienda kunywa chai, aliita kamati ya watu watatu katika chumba cha wafinyanzi. Waliwauliza wasichana watatu, wazazi wao wakiwepo. Wawili walisema hawakumbuki. Seren, yule anayedaiwa kwamba angevunjwa mgongo, alimtazama mamaye, akasema naye hakumbuki. Kisha akaitwa Emrys, mpiga piano, mzee wa miaka sabini na minne ambaye pia alipiga kinanda kanisani kila Jumapili.

"Siku hiyo nilikuwa napiga piano," alisema Emrys. "Mtu akipiga piano hasikii kila kinachosemwa."

Barua ikaja kwamba hapakupatikana ushahidi. Menna aliisoma mara mbili, akaikunja na kuiweka ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya sahani za sikukuu. Mumewe, Idwal, ambaye alikuwa fundi wa mabomba ya maji na hakupenda maneno marefu, alisema, "Basi, yameisha," akawasha redio asikilize mpira.

Lakini mji mdogo hauachi jambo liishe. Watoto shuleni walimwita Tirion mwongo. Wengine walisema alitaka tu kuonewa huruma kwa sababu babaye alihamia Bristol na mwanamke mwingine. Menna hakumwita mwongo. Ila siku moja, akiwa kwenye foleni ya duka la mikate, Gwladys wa darasa la Jumanne alimwuliza habari zile, naye akajibu kwa sauti ya kuchoka, "Watoto wa siku hizi, Gwladys, wanasikia wanachotaka." Gwladys akatikisa kichwa kwa masikitiko. Menna akanunua mkate wake akaenda nyumbani, na jioni ile alilala usingizi mzuri.

Mwezi wa Oktoba walianza kuandaa onyesho la Krismasi. Watoto walipaswa kujenga ngome kwa miili yao: watano wapige magoti, watatu wapande juu ya mapaja yao, na mmoja asimame kileleni amenyoosha mikono. Watoto walikuwa na kelele, nje mvua inapiga madirisha, na Menna alikuwa amebakiwa na dakika kumi tu kabla wanakwaya hawajaanza kupanda ngazi kudai ukumbi. Alikuwa akiwasogeza watoto mabegani, mmoja huku, mwingine kule, mdomo unakwenda, mikono inakwenda.

"Non, hapa. Seren, wewe kileleni. Macsen, mwanangu, shuka, wewe kaa chini ubebe wenzako. Ukipanda wewe tutamzika Seren kabla ya Krismasi!"

Watoto wakacheka. Macsen, mvulana wa miaka tisa mwenye mashavu ya duara, akacheka pia. Akashuka na kupiga magoti.

Piano ikanyamaza.

Haikuwa mwisho wa wimbo. Emrys alikuwa ameinua mikono katikati ya mstari, ameiacha hewani. Menna aligeuka kumwambia aendelee, lakini akaona uso wake. Akageuka tena kuwatazama watoto. Seren alikuwa kileleni, mikono imeshuka, anamkodolea macho.

"Endeleeni," Menna alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Emrys, tokea mwanzo."

Watoto walipoondoka alibaki amesimama karibu na kioo. Emrys alikuwa anafunga kifuniko cha piano taratibu mno.

"Mbona uliacha kupiga?"

"Unajua."

"Sijui, Emrys. Niambie."

"Ni yaleyale, Menna. Umebadilisha jina tu."

Menna alikaa kwenye benchi la viatu.

"Uliiambia kamati hukusikia."

"Niliiambia kamati nilikuwa napiga piano. Na kweli nilikuwa napiga. Lakini ni vidole vinavyopiga, masikio yalikuwa wazi." Alivaa koti lake upande mmoja, akasita. "Uliingia pale kwenye chumba cha kamati ukaniangalia. Miaka ishirini na saba napiga unavyotaka wewe. Emrys polepole, Emrys haraka, Emrys rudia. Siku ile pia nilipiga ulivyotaka."

"Sikukutaka udanganye! Mimi nilikuwa najua sikusema!"

"Najua ulikuwa unajua," alisema mzee, naye akavaa mkono wa pili wa koti.

Ndipo siku ile ya Machi ikamrudia, yote kwa mara moja, mpaka ubaridi wa ukumbi, maana mashine ya joto ilikuwa imeharibika na watoto walikuwa wanacheza na soksi za sufu. Tirion alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye paja la Seren, mikono ameinua, uso unang'aa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia apande, alijitolea mwenyewe. Na Menna, akipita na kalamu mdomoni, alisema, "Tirion mpenzi, shuka, wewe ni nguzo yetu ya chini. Ukipanda utamvunja Seren mgongo!" Masikio ya yule mtoto yalikuwa mekundu. Alicheka. Akasema, "Sawa, Anti Menna," akauliza apige magoti wapi, kisha akawasaidia wengine kupanda juu yake.

Menna alikijua kile kicheko. Alikuwa amewahi kukicheka mwenyewe, Cardiff, kifimbo kikiwa nyongani mwake. Alikuwa amekaa miaka arobaini akichunga mlango ili ukali wa yule mwalimu usiingie, na kumbe kitu kilikuwa kimeingia zamani na kukaa kitako, kimevaa sura ya mzaha na jina la mpenzi. Je, ni wangapi? Alijaribu kuwahesabu wote aliowaweka chini katika milima na ngome na mashua za maonyesho ya miaka yote ile, akashindwa.

Nyumbani alimkuta Idwal anakoroga supu ya kondoo. Akamweleza, amesimama na koti lake lililolowa.

"Sasa unataka kufanya nini?" Idwal aliuliza.

"Nikawaambie."

"Nani?"

"Rhonwen. Kamati. Wote."

Idwal aliweka mwiko pembeni. "Sikia, mke wangu. Barua unayo. Mtoto yuko kliniki, anatibiwa. Ukienda kukiri leo, hatapona kesho kwa sababu yako. Ila wewe watakutafuna mpaka mifupa."

"Wanamwita mwongo, Idwal."

"Watoto huitana kila kitu."

"Mimi ndiye niliyewapa neno."

Idwal alimsaidia kuvua koti. Alimpakulia supu, akakaa mbele yake mpaka akaimaliza. Alimwoa akijua habari za Cardiff.

Jumapili mchana Menna alipanda kilima mpaka mtaa wa Rhonwen. Mlango ulifunguliwa kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa, kisha Rhonwen akautoa mnyororo na kusimama kizingitini. Ndani kulisikika televisheni, mchezo wa raga, watu wanashangilia.

"Umekuja kusuka? Leo nimefunga."

"Nimekuja kukuambia Tirion alisema kweli."

Rhonwen hakutikisika. "Sema tena."

"Nilisema yale maneno. Kama alivyokuambia. Nilikuwa nimesahau, Rhonwen. Sikukudanganya, nilisahau kabisa, lakini nilisema."

"Ulisahau." Rhonwen alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja maziwa yaliyochacha. "Wewe umesahau, yeye hakusahau hata siku moja. Unajua wiki iliyopita kaniambia nini? Nimemwekea chakula mbele, nalia, namwomba, ananiambia, 'Mama, labda nilijitungia. Labda Anti Menna hakusema, ni mimi tu nina akili mbaya.' Miaka kumi na moja! Ameanza kuyaogopa masikio yake mwenyewe."

Menna alisogea karibu na kizingiti.

"Niruhusu niingie nimwambie mwenyewe."

"Aah, wapi! Uingie umlilie, na yeye akubembeleze? Namjua mwanangu, atakubembeleza. Atakupikia na chai. Hapana. Uliwaambia watu mwanangu anatunga, basi nenda kawaambie watu haohao."

"Mimi sikuwahi kusema anatunga."

"Kwenye duka la mikate. Ulimwambia Gwladys watoto wanasikia wanachotaka. Nilikuwa nyuma yako, Menna. Watu wanne nyuma yako."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani kwa Rhonwen kumwita bila kutanguliza Anti. Mlango ukafungwa taratibu, bila kishindo, na hilo lilimwuma kuliko kama ungebamizwa.

Jumatatu alikwenda kwa Aled. Aled alimsikiliza akipanga karatasi zake na kuzipangua.

"Menna, ungeniambia hivi Juni, ningekuandikia onyo, ukaomba radhi, tukaendelea. Sasa tayari kamati imeandika kwamba mtoto hakuthibitisha. Umetuweka pabaya."

"Najua."

"Na Emrys je?"

Menna hakuwa amefikiria habari ya Emrys. Hilo nalo aliliona baadaye, kwamba katika haraka yake ya kutua mzigo hakuangalia anamtulia nani miguuni.

"Emrys alikuwa anapiga piano," alisema.

Aled alirudi kwenye karatasi zake.

Jumamosi iliyofuata wazazi waliombwa wabaki baada ya darasa. Walikuwa kama ishirini, wamesimama na makoti yao, watoto wakiwa bado na viatu vya dansi miguuni. Menna alisimama mbele ya kioo, akauona mgongo wake kwa pembe ya jicho, mgongo mzuri, umenyooka. Aliwaambia kwa maneno machache. Kwamba Tirion alisema kweli, kwamba yeye ndiye aliyesema yale maneno na kuyasahau, kwamba wiki iliyopita aliyasema tena, kwa mtoto mwingine, na anamwomba radhi yule mtoto na wote ambao huenda aliwaambia na hawakuwahi kulalamika.

Kisha baba mmoja akasema, "Ah, Anti Menna, hiyo nayo ni dhambi? Huo ni utani. Siku hizi mtu hata akipiga chafya ataitwa mbele ya kamati."

"Utani!" mama mmoja akamrukia. "Mtoto wa mwenzako yuko kliniki miezi mitano, wewe unasema utani?"

"Mimi nasema tu..."

"Mimi nilikumbuka," sauti ndogo ikasema.

Ilikuwa Seren. Alikuwa amesimama mbele ya mamaye, anasokota kamba za kiatu.

"Siku ile walipotuuliza. Nilikumbuka, lakini mama aliniambia niseme sikumbuki, ili nisinyimwe nafasi kwenye onyesho."

Mamaye alimshika mkono akamtoa nje, uso umemwiva, viatu vya dansi vikipiga ngazi. Hakuna aliyewatazama wakitoka. Rhonwen alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Menna hakujua alikuja saa ngapi. Alimwona anatoa leso, anajipangusa, anaondoka bila kuongea na mtu.

Darasa la watoto alinyang'anywa. Aled alilisema kwa upole na kwa maandishi. Darasa la wasichana wakubwa lilikwenda na la watoto, kwa kuwa wazazi wawili hawakutaka hata kusikia jina lake. Aliachiwa Jumanne, wazee wa vitini. Akaletwa mwalimu kijana kutoka Swansea, Anest, mwenye nywele fupi na spika ndogo anayoweza kuibeba mkono mmoja, hivyo piano haikuhitajika tena Jumamosi.

Emrys hakungoja kuambiwa. Menna alikwenda kwake na mkate wa matunda aliouoka mwenyewe, akamkuta anafagia majani mbele ya mlango.

"Nisamehe, Emrys. Sikukutaja. Sikusema ulisikia."

"Hukuwa na haja ya kusema. Mji mzima unajua kuhesabu moja na moja." Aliendelea kufagia. "Umejisafisha, Menna. Vizuri. Ulipaswa kujisafisha. Mimi nina miaka sabini na minne, juzi padri kaniuliza kama napenda kupumzika kidogo kwenye kinanda cha Jumapili."

"Nitakwenda kuzungumza naye."

"Tafadhali usizungumze tena na mtu yeyote."

Aliupokea ule mkate, kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima, akaingia ndani. Hawakufanya kazi tena pamoja. Alifariki mwaka uliofuata, na Menna alikaa kwenye benchi la nyuma kanisani, mtu mwingine akipiga kinanda.

Majira ya baridi yale Menna alimwandikia Tirion barua. Aliandika kurasa tatu, akazichana. Aliandika ukurasa mmoja wenye habari za Cardiff, akauchana pia, maana aliona anaomba kueleweka. Mwisho alituma mistari minne: kwamba alisema, kwamba Tirion alisikia sawasawa, kwamba kosa ni la aliyesema, na kwamba ameshawaambia watu wote. Jibu halikuja, naye hakulitarajia, ingawa asubuhi alikuwa akishuka kabla ya Idwal kuangalia nyuma ya mlango, ambapo barua huangukia.

Tirion hakupona kwa mstari mmoja ulionyooka. Kuna wakati mjini walisema anaendelea vizuri, kisha Februari akalazwa wiki tatu. Rhonwen alifunga saluni akawa analala kwenye kiti kando yake. Menna alizisikia habari hizo kwa wazee wa Jumanne, ambao walikuwa wakizileta pamoja na biskuti na kunyamaza kila alipokaribia.

Alikutana na Tirion mwezi wa Mei, mbele ya maktaba. Tirion alikuwa amerefuka kweli sasa, mwembamba ndani ya sweta kubwa, nywele amekata fupi. Alikuwa peke yake, vitabu mkononi. Menna alisimama. Alitaka kuvuka barabara amwachie njia, lakini mtoto alikuwa amekwisha kumwona.

"Hujambo, Tirion."

"Sijambo." Alimtazama usoni moja kwa moja, kama mtu anayekagua kitu alichokuwa amekisahau ukubwa wake. "Barua yako niliipata."

"Nashukuru."

"Nilijua nilisikia," Tirion akasema. "Halafu nikawa sijui. Sasa najua tena."

Menna alitafuta neno, akaogopa kila lililomjia. Akaitikia kwa kichwa tu.

"Mama amesema nisikae nikiongea na wewe."

"Mama yuko sawa. Nenda, mwanangu." Kisha akashtuka kwa lile neno mwanangu, akataka kulirudisha, lakini Tirion alikuwa ameshageuka, anateremka kilima na vitabu vyake. Hakurudi kwenye dansi, kwa Anest wala kwa mwingine. Rhonwen alimwambia mtu mmoja, naye akamwambia Menna, kwamba kuna siku anakula vizuri na kuna siku hali, na kwamba ukimshika mkono akiwa mezani anautoa.

Menna bado anafundisha Jumanne. Wazee kumi na wawili, viti kwa duara, dirisha limefunguliwa kidogo. Zamani darasa hilo lilikuwa la makelele kuliko la watoto. Alikuwa akiwatania magoti yao, meno yao, waume zao waliokufa. Sasa anahesabu. Mkono wa kulia juu, mbili, tatu, nne. Mguu mbele, mbili, tatu, nne. Akiona mtu anakosea, humwendea karibu na kumwonyesha kwa mkono wake mwenyewe, kimya.

Juzi Gwladys alichoka.

"We Menna! Mwaka mzima sasa unatuhesabia kama tuko jela. Nitanie basi. Nina miaka themanini na moja, unaogopa nitaacha kula?"

Baadhi wakacheka, kisha wakakata kicheko ghafla, wakatazama sakafu. Gwladys mwenyewe akaweka mkono mdomoni.

Menna alisimama katikati ya duara. Alijua Gwladys hakukusudia ubaya, na alijua pia kwamba kila aliyekuwa pale alikuwa anangoja aone atafanya nini.

"Mkono wa kushoto, Gwladys," alisema. "Inua. Polepole."

Gwladys akainua mkono, na wengine wakamfuata.